Kilemba Nilichokifua

Nguo nilizofua hapa Kairo tangu nivunje ungo hazina idadi. Nimefua mashuka ya wagonjwa, nimefua kanzu za mashehe, nimefua suruali za askari wa Pasha ambazo hata punda angezikimbia. Lakini kitu nilichokifua huku nikiomba dua ni kimoja tu, na wala hakikuwa nguo. Kilikuwa karatasi.

Jina langu ni Zannuba, ila ukifika mtaani kwetu Bab Shaariya usiulize Zannuba, watakutolea macho tu. Uliza Mama Wasila. Wasila ni binti yangu wa pekee, na baba yake ni Shahata, muuza sharubati ya mizizi ya susi, yule anayetembea na mtungi tumboni kama mwenye mimba ya mapacha, akigonganisha visahani viwili vya shaba ili wenye kiu wajue anapita. Shahata maana yake ni ombaomba. Mama yake alizika watoto watatu kabla yake, basi wa nne alipozaliwa akampa jina baya kusudi kijicho kimpite, maana nani atamwonea gere ombaomba? Kijicho kikampita kweli. Jina likabaki.

Mume wangu ni mtu wa kucheka. Akicheka, mtungi nao unacheka, na kanzu zake ngapi nimezifua kwa ajili ya kicheko hicho, Mungu ndiye ajuaye. Kwa hiyo alipoacha kucheka niligundua siku ileile, na aliyesababisha nilimjua.

Ni Sayyid Murtada. Yeye ni sharifu, mtu wa ukoo wa Mtume, anafunga kilemba cha kijani kama walivyofunga baba zake, na ana duka la hariri na majoho ya kale kule Khan el-Khalili. Wanawake wa nyumba yake walimwona Wasila wangu hamamuni. Wakamtazama meno, wakamtazama nywele, wakamtazama mwendo, kisha wakaondoka na kurudi tena wakisingizia wamesahau sabuni. Mimi nikajifanya sioni. Siku chache baadaye ikaletwa posa: walimtaka Wasila kwa kijana wao, Idris. Binti yangu alikuwa ameshamchungulia Idris dirishani zaidi ya mara moja, msiniulize nimejuaje. Tangu siku hiyo akawa anakamua nguo huku anaimba, na nguo zikawa zinakauka upesi kuliko kawaida.

Sayyid Murtada akaja kwetu kusoma Fatiha ya posa. Akaketi juu ya mkeka wetu, akanywa kahawa yetu, akauliza kwa upole kabisa, Shahata ni mwana wa nani. Mume wangu akajibu, wa Abdelnabi. Abdelnabi wa nani? Wa Khidr. Na Khidr wa nani? Hapo mume wangu akakwama. Khidr alishuka kutoka Said, kusini huko, akiwa na nyati mmoja wa kufugwa na kikohozi, akafa bila kumtaja baba yake.

"Si kitu, Bwana Shahata," akasema Sayyid Murtada. "Sisi tunahesabu mpaka thelathini na tisa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia kwao kuna kisima. Fatiha ikasomwa, harusi ikapangwa, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Lakini kuanzia kesho yake visahani vya mume wangu vikawa vinalia kinyonge, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyopendwa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Mwanamume mzima, anaumwa na babu ambaye hata hakumwona.

Sasa kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyepanga nyumba karibu na lango la Zuwayla, kazi yake kuchora. Sisi tulimwita Hawaja tu, kama tunavyowaita Wazungu wote. Nguo zake nilifua mimi. Mashati yake yalikuwa na madoa ya rangi zote, mpaka nilidhani anajipangusia makusudi, na mara ya kwanza nilipoyaona nikasema hapa nitavunjika mikono. Kumbe wapi. Rangi zake zilikuwa za kukorogwa na maji, na zilitoka kwa maji baridi matupu, hata sabuni hazikutaka. Nililiweka hilo moyoni, kama dobi anavyoweka mambo.

Siku moja Shahata akanisaidia kubeba kapu mpaka kwa Hawaja. Hawaja akasimama mlangoni, akamzunguka mume wangu kama mtu anayechagua tikiti, kisha akamwita Jirjis, mpishi wake wa Kikopti ambaye pia alikuwa mkalimani wake, amwambie kwamba anataka kumchora.

Shahata akafurahi. Akakesha anasugua mtungi kwa majivu na ndimu mpaka ukang'aa, maana alidhani Hawaja anautaka mtungi. Hawaja akauweka mtungi nyuma ya mlango. Akafungua sanduku, akamtolea joho jekundu la hariri lenye manyoya shingoni, akamvisha viatu vya njano vilivyochongoka, akamchomeka kiunoni upanga uliokuwa na ala na mpini lakini ndani hamna kitu, akampa na kiko kirefu, yeye ambaye hajawahi kuvuta. Kilemba tu ndicho kilichokuwa chake mwenyewe, kile cheupe nilichomfulia mimi, kwa sababu vilemba vya sandukuni vilikuwa vimeliwa na nondo. Halafu akaambiwa akae kimya na asitikisike.

Siku tatu za mwanzo nyumbani kwetu palikuwa na bey, bwana mkubwa wa Kituruki. Alirudi kila jioni ananionyesha jinsi alivyokaa, kidevu juu, mkono kwenye upanga. Nikamwambia bey, shika kinu unitwangie vitunguu saumu. Wasila akacheka mpaka akalala chini, na baba yake akacheka naye, na mimi nikamwombea Hawaja dua kwa kunirudishia kicheko changu.

Siku ya nne akarudi kimya. Ya tano kimya. Jumatatu, siku ya sita, nilimwekea mulukhiya, mboga ya mlenda, yenye sungura, chakula ambacho hakijapata kulala kwenye sahani yake tangu tuoane, akaigusa kwa mkate mara moja tu akaacha. Harusi ilikuwa Alhamisi. Nikamtuma Wasila kwa jirani, nikafunga mlango, nikamwambia haya, sema.

Akasema Hawaja amekipaka kilemba chake rangi ya kijani.

Kijani ni cha masharifu peke yao. Nikamuuliza kama alivaa kijani kichwani mwake. Akaapa hakuvaa, kichwani kilikuwa cheupe muda wote, ila siku ya tatu Hawaja alipomaliza joho alikiona cheupe kimepooza, akachovya brashi na kukifanya kijani, basi. Nyekundu inampenda nduguye kijani, ndivyo alivyosema Hawaja. Msemo wa kumvisha mtu kilemba cha ukoka tunao, lakini Hawaja aliumaliza, alimvisha mume wangu kwa brashi.

"Na wewe siku ya tatu ulisemaje?" nikamuuliza.

"Sikusema."

"Ya nne?"

"Mama Wasila, nilikuwa najiangalia."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Kisha nikauona uso wake, na mwiko nikaurudisha chunguni. Hayo yenyewe hayakuwa mabaya kuliko yote. Mabaya kuliko yote ni kwamba joho lile jekundu lilinunuliwa duka la Sayyid Murtada, na Hawaja, kwa adabu zake, alikuwa amemwalika mwenye duka aje kesho yake adhuhuri aone lilivyopendeza. Asubuhi hiyo Shahata alikuwa amejaribu kumwomba Hawaja akirudishe cheupe, Hawaja akacheka na kumwambia asitikisike.

Fikirini wenyewe. Mtu ambaye hamjui babu yake wa tatu, siku mbili kabla ya harusi, mkwe wake mtarajiwa anaingia chumbani na kumkuta amekaa ndani ya joho, na kwenye karatasi, juu ya kichwa chake, rangi ya nyumba ya Mtume. Sayyid Murtada angegeuka mlangoni bila kusema neno, na Alhamisi tungewala wenyewe bata wa harusi. Wasila alirudi kutoka kwa jirani anaimba. Nikashindwa kumtazama.

Jumanne haikuwa siku yangu ya kupeleka nguo, lakini mashati ya Hawaja yalikuwa tayari, na dobi akija mapema nani atamlaumu? Nilimwambia Shahata aende na mtungi wake kama kawaida, arudi kwa Hawaja adhuhuri kama alivyoagizwa. Sikumwambia nia yangu. Mume wangu hana siri, kila kitu kinapanda usoni.

Nilimkuta Jirjis jikoni anashindilia ngano kwenye matumbo ya njiwa. Akaniambia Hawaja yuko juu darini anachora minara, mashati niyapeleke mwenyewe chumbani kwake. Nikaenda. Karatasi ilikuwa imesimamishwa kwenye ubao wa miguu mitatu, karibu na dirisha.

Ngoja niseme ukweli. Nilisimama. Miaka ishirini nimeishi na mtu yule, nimemfulia, nimempikia, nimemuuguza homa, na sikuwahi kumwona hivyo. Hawaja hakukosa kitu. Kovu dogo la nyusi lilikuwepo. Alama ya mkanda wa mtungi shingoni ilikuwepo, inachungulia kwenye manyoya. Na yale macho, macho ya mtu anayeambiwa asicheke. Nikasema mashallah, nikasema tena, maana Mzungu hakika hakusema. Na kilemba kile cha kijani, Mungu anisamehe, kilimkaa. Nikaelewa kwa nini alinyamaza siku tatu. Nami nilinyamaza pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kisha nikamkumbuka Wasila na wimbo wake, nikachovya kitambaa.

Doa halisuguliwi. Ukilisugua linaita ndugu zake. Unakamua kitambaa mpaka kibaki na unyevu tu, unaanzia pembeni kuelekea katikati, unabonyeza, unainua, unageuza upande safi, unabonyeza tena. Nilifanya hivyo kama nilivyofundishwa na mama yangu, nikisoma Qul huwa Allahu kwa kila mbonyezo. Kijani kikaanza kuhamia kwenye kitambaa changu. Mkunjo mmoja ukawa mweupe, kisha wa pili. Nikapata moyo, nikabonyeza kidogo zaidi kuliko ilivyotakiwa, na tone moja la kijani likachuruzika kutoka kwenye kilemba kwenda kwenye paji la uso la mume wangu.

Nilikuwa sina mkono wa tatu. Nikainama nikalidaka tone lile kwa pembe ya shela yangu, kabla halijafika kwenye nyusi. Nilipoinuka, nikasikia mtu anapumua nyuma yangu.

Hawaja alijifunza Kiarabu vitabuni, kwa hiyo alizungumza kama khatibu wa Ijumaa.

"Ewe mwanamke," akasema. "Ni jambo gani hili ulitendalo?"

"Nafua," nikamjibu.

Akaja mbio, akanyakua ubao na karatasi yake, akavisogeza mpaka dirishani kabisa. Uso wake ulikuwa mwekundu kama joho. Nikaona bora niseme yote kabla hajaniitia bawabu, nikasema, na pale Kiarabu changu cha mtaani kilipomshinda, Jirjis alikuwa ameshakuja na mikono yake yenye mafuta ya njiwa akawa anamfasiria. Nikamwambia kijani ni cha nani na si cha nani. Nikamwambia kuna binti anaolewa Alhamisi. Nikamwambia kwa kilemba kile mume wangu anaweza kuambiwa kwamba ameiba babu.

Hawaja akauliza kwa nini Shahata mwenyewe hakumweleza sababu hiyo siku zote zile.

"Ulimwambia akae kimya," nikasema.

Jirjis alifasiri huku ameuma midomo. Hawaja akanitazama, akaitazama karatasi, akaikaribia mpaka pua ikataka kuigusa, akarudi nyuma hatua tatu. Halafu akakaa sakafuni. Nikajua nimemuua. Kumbe anacheka. Akasema miaka kumi anahangaika kuchora kitambaa cheupe chenye jua juu yake na hajakipata, na sasa kimepatikana kwa dobi na kitambaa cha kufutia. Ni kweli, kijani kilipotoka kiliacha vivuli vyepesi kwenye mikunjo, na kilemba kilikuwa kinawaka kama kile ninachokianika darini asubuhi. Kilikuwa ndicho chenyewe, kilemba changu. Akaomba nimfundishe. Nikamfundisha, kwenye karatasi mbovu, nikimpiga kofi mkononi kila alipotaka kusugua.

Tukiwa katika hayo, bawabu akapiga hodi chini na tukasikia sauti ya Sayyid Murtada kwenye ngazi. Amekuja kabla ya wakati. Nikarukia nyuma ya pazia la mlango wa pili na kitambaa changu mkononi. Karatasi ilikuwa bado mbichi.

Akaingia, na nyuma yake akaingia mume wangu. Walikutana mlangoni, maskini. Shahata alikuwa na mtungi tumboni na uso wa mtu anayepelekwa kwa kadhi. Alikuwa hajui chochote. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ubao, na nikayaona yanapanuka, na mdomo ukafunguka, kisha akatazama dari kama anayetafuta malaika aliyepita pale. Baadaye akatazama chini. Chini ya pazia kulikuwa na miguu yangu, na matone ya maji ya kijani kati ya miguu. Akafunga mdomo.

Sayyid Murtada hakuona hayo. Alikuwa ameisimamia picha kwa muda mrefu, mikono nyuma, kilemba chake cha kijani kimesimama kama kawaida. Hawaja naye alikaa kimya na hakutikisika, kama alivyowafundisha wengine.

Mwishowe Sayyid akasema kwamba joho lile lilikuwa la babu yake. Akasema bawabu wa nyumba hii hununua tumbaku jirani na dukani kwake, na jana amemwambia kwamba huku ndani kuna muuza sharubati aliyevishwa kijani. Kwa hiyo leo amekuja mapema ili aone kwa macho yake, na njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kuvunja posa.

"Na nimeona," akasema, akamgeukia mume wangu. "Joho si lako, upanga si wako, viatu si vyako. Lakini kichwani umebaki na kilicho chako. Nimekudhania vibaya. Nisamehe, mkwe."

Mkwe. Tangu posa alikuwa hajalitamka neno hilo. Nyuma ya pazia nilimshukuru Mungu kwa nguvu zote nisizoweza kutoa sauti. Yamekwisha, nikasema, Shahata nyamaza, itikia amina unyamaze. Siku tatu umenyamaza pasipotakiwa, leo panatakiwa.

Lakini nimeshasema mume wangu hana siri.

"Usinisifu, Sayyid," akasema. "Kilemba hicho kilikuwa cha kijani mpaka leo asubuhi. Sikukivaa, Mungu shahidi. Kilichorwa tu. Lakini nilikiona siku tatu na sikukikataa. Nilikipenda."

Niliuma kidole mpaka leo kina alama.

Sayyid Murtada akauliza taratibu kwa nini alikipenda.

"Kwa sababu yule wa kwenye karatasi," akasema mume wangu, "usingemuuliza babu yake wa tatu."

Nilimwona Sayyid Murtada kwa upenyo wa pazia. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake zamani na leo ndiyo anaambiwa. Akauliza ni nani aliyekifuta kilemba. Mume wangu akalitazama pazia. Hapakuwa na la kufanya, nikajifunika vizuri nikatoka, na kitambaa changu.

"Ni mimi, Sayyid. Kwa maji baridi," nikasema, nikaona niongeze, "ya moto yangeharibu uso."

Mabega yake yakaanza kwanza. Kisha ndevu. Halafu akacheka kabisa, mtu huyu ambaye mtaa mzima haujawahi kuona meno yake, akacheka mpaka ikabidi aushike ukuta, na mtungi wa mume wangu ukaanza kucheka naye, na sharubati ikamwagika sakafuni kwa Hawaja.

"Miaka hamsini nakifunga," akasema akifuta macho, "na kila asubuhi nasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko inavyofaa. Mama yake Idris hunizomea. Sasa nikuhukumu wewe kwa siku tatu?" Akamshika mume wangu bega. "Khidr wa nani, sikupaswa kukuuliza. Asipopatikana huyo babu, basi. Tutaanza kuhesabu kwako."

Nilidhani ni maneno ya adabu tu, nikayapokea hivyo. Tulikula njiwa za Jirjis wote pamoja, mimi na Jirjis jikoni, na wao chumbani.

Alhamisi Wasila alitoka chini ya kitambaa cha hariri kilichoinuliwa kwa fito nne, amefunikwa shali nyekundu toka utosini mpaka miguuni, hata mimi mama yake nilimtambua kwa mwendo. Mbele ngoma na zumari, nyuma wanawake wote wa Bab Shaariya na vigelegele vyao. Shahata alitembea pembeni na mtungi, anamnywesha kila aliyepita, akigonganisha visahani vyake mpaka mpiga zumari akalalamika kwamba anamharibia wimbo. Hawaja alikuwa kando ya ukuta na karatasi yake, na nilimwona, safari hii, anamuuliza Jirjis jambo kabla ya kuchovya kila rangi.

Picha ile aliondoka nayo. Sijui imetundikwa ukuta gani huko kwao, na sijui wanaoitazama wanamwita Shahata nani. Labda bey. Mimi najua kilemba ni changu.

Mwaka uliofuata Wasila akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya saba tukakusanyika kwa wakwe, chumvi ikarushwa, mishumaa ikawashwa, kinu cha shaba kikagongwa sikioni mwa mtoto ili asiwe mwoga. Ikafika kumtaja jina. Wote tulijua itakuwa Murtada. Idris akamtazama baba yake, na baba yake akamchukua mtoto, akaanza kwa sauti ya kusikika hadi uani.

"Shahata," akasema. "Shahata bin Idris bin Murtada."

Akaendelea. Alitaja mmoja baada ya mwingine, bila kukosea, wote thelathini na tisa mpaka kufika nyumba ya Mtume, na mbele yao wote limesimama jina la ombaomba. Mume wangu alikuwa kizingitini na visahani vyake mkononi, maana alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Vilikuwa vinalia vyenyewe, mikono ilimtetemeka hivyo. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Sayyid Murtada akakata kipande cha kilemba chake mwenyewe, nacho kikashonwa kuwa kofia ndogo, isiyozidi ngumi. Mtoto akaitapikia siku hiyohiyo, na mimi ndiye dobi wa familia. Nikaenda nayo uani kwetu, nikaichovya kwenye maji baridi nikiwa na wasiwasi kidogo kwamba kijani kitatoka, nisiwadanganye. Nikabonyeza, nikainua, nikabonyeza. Nikatazama maji ya kwanza, nikayamwaga, nikatazama ya pili. Yalikuwa meupe pe. Nikaikamua, nikaianika juani kando ya kilemba cheupe cha babu yake.